Namba ya Mzee Gadiel

Mzee Gadiel aliingia masjala nyuma ya mkewe, akavuta kiti, akakigeuza kuelekea dirishani kwenye migomba, akaketi. Tangu hapo hakumtazama Nosim hata mara moja.

Hakikuwa kiburi. Nosim, karani wa kumbukumbu za wagonjwa pale Hospitali ya Mringeni, ni binti wa Kiarusha aliyeolewa Akheri kwa Wameru, na mumewe humwita Gadiel baba mdogo. Kwa mila basi Nosim ni mkwe wa mzee, na mkwe haambiwi habari za chini ya mkanda. Mwanamume wa Kimeru mwenye heshima zake yuko radhi afe na ugonjwa wake kuliko kuutaja mbele ya mkwe. Wapo waliokufa hivyo, na makaburi yao yako migombani, tunayajua.

"Shikamoo baba," Nosim alisema.

"Marahaba, mkwe," mzee aliiambia migomba.

"Baba Aikaeli anasema," mkewe, Bibi Evaresta, akaanza, huku akiweka kikapu chake sakafuni, "kesho haendi kwa bingwa."

"Sijasema siendi. Nimesema siendi na karatasi ile."

"Anasema haendi na karatasi ile."

"Nimesikia, mama."

"Umesikiaje? Hajasema na wewe. Subiri nikuambie mimi."

Nosim akasubiri, akaambiwa.

Evaresta alitoa karatasi iliyokunjwa ndani ya Biblia. Ilikuwa fomu ya kuonana na bingwa, na Nosim aliijua kwa kuwa ndizo alizokuwa akizijaza wiki nzima. Dokta Jasdeep, bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo, hupanda Mringeni kutoka mjini mara moja kila miezi minne. Anafika Ijumaa, anapasua Ijumaa na Jumamosi, anashuka. Leo ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na orodha yake ilikuwa inafungwa saa kumi jioni.

"Joyce, mjukuu wetu, yule anayesomea uuguzi, alikuja Jumapili kula ndizi," Evaresta alisema. "Akaiona hii mezani. Akanyamaza. Mtoto yule hajawahi kunyamaza tangu azaliwe! Nikamfuata jikoni nikamwambia, wewe, sema. Akasema."

Alichosema Joyce kilikuwa pale juu ya fomu, kwenye kisanduku kidogo: A54.

Hospitalini kila ugonjwa una namba yake. Kipo kitabu kikubwa kuliko Biblia, kilichotungwa huko Geneva na watu ambao hawajawahi kupanda mlima Meru, na ndani yake kila kinachoweza kumpata binadamu, kuanzia malaria mpaka kung'atwa na mamba, kina herufi na tarakimu zake. Daktari anaandika maneno, karani anayageuza kuwa namba, na kuanzia hapo ni namba inayosafiri. Inakwenda kwenye kompyuta, inakwenda wilayani, wizarani, kwa bingwa. Maneno yanabaki kwenye faili yakila vumbi. A54 ni kisonono.

"Mwambie," mzee alisema, "chumba cha upasuaji kina manesi wawili ninaoimba nao kwaya moja."

"Anasema kuna manesi wa kwaya."

"Mwambie nitavuliwa heshima kwa karatasi kabla sijavuliwa suruali."

"Hilo siwezi kumwambia mkwe wako."

"Basi usimwambie."

"Ameshasikia, Baba Aikaeli. Ana masikio."

Nosim aliinama kwenye droo ili asicheke. Lakini alipoinuka na faili la mzee mkononi, kicheko kilikuwa kimeshakatika chenyewe, maana faili lilikuwa linaeleza jambo zito. Mkojo wa mzee ulikuwa umekuwa mwembamba mwaka hadi mwaka, tangu 2019. Mwezi uliopita ulikuwa umegoma kabisa mara mbili, akaletwa amelala kwenye gari la majirani akitokwa jasho. Mara ya pili, daktari wa zamu aliandika kwa wino mwekundu: mrija umebana, apasuliwe, asisubiri. Miezi minne mingine hakuwa nayo. Mrija ukiziba moja kwa moja ingebidi atobolewe tumbo.

"Baba," Nosim alisema, na alisema akitazama ukuta ili kumsaidia, "ukikosa kesho, ni hatari."

"Mwambie baba yangu alifukuzwa Engare Nanyuki mwaka hamsini na moja," mzee alijibu. "Nyumba ikachomwa. Walikuja na karatasi yenye mhuri, ikisema ardhi si yake. Wameru wakamtuma mtu mpaka Umoja wa Mataifa kuikataa karatasi ile. Mimi nikubali hii?"

Evaresta alifungua mdomo kurudia, akaona ni ndefu, akaufunga.

Nosim akafungua faili ukurasa kwa ukurasa. Machi 2019, A54. Agosti 2021, A54. Februari 2023, A54. Kila mara mzee alikuwa amepewa dawa za kisonono akaenda zake. Na kila A ilikuwa na mkia mdogo unaopinda kushoto. Nosim aliutazama mkia ule kwa muda. Hakuna mtu mwingine Mringeni anayeandika A yenye mkia.

Hakuhitaji kugeuka kuiona karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani nyuma yake. Alikuwa ameikariri. Mwaka 2012 ulikuja mradi, magari meupe manne, ukataka idadi ya magonjwa ya zinaa. Hospitali yenye idadi kubwa ilikuwa inaahidiwa kompyuta na pikipiki. Mkuu wa masjala wa wakati huo, Mzee Loserian, mtu mwema aliyekuwa na faili mia kwa siku na karani mmoja, akachukua kalamu nene akaandika kwenye manila: *Njia ya mkojo, mwanamke: N39. Njia ya mkojo, mwanamume: A54.* Yaani mwanamke akiumwa mkojo ni uchafu wa kawaida, mwanamume akiumwa mkojo ametoka nje ya ndoa. Mringeni ikapata kompyuta yake na pikipiki yake. Mradi ukafunga virago 2015. Pikipiki iliuawa na mabonde ya Nkoaranga mwaka uliofuata, Mzee Loserian akastaafu, na manila ikabaki. Nchi hii haijawahi kupungukiwa na karatasi za kubandika ukutani. Inapungukiwa na watu wa kuzibandua.

Nosim alifundishwa kazi mbele ya manila ile. Miaka tisa alikuwa amegeuza maneno ya madaktari kuwa namba kwa kutupa jicho moja juu ya bega. Majibu ya maabara yalikuwa nyuma ya kila ukurasa, na hakuwa akigeuza ukurasa, kwa sababu manila ilikuwa imeshajibu. Sasa aligeuza. Machi 2019: hakuna vijidudu vya kisonono. Agosti 2021: hakuna. Februari 2023: hakuna.

Akafunga faili, akavuta kile kitabu kikubwa.

"Mama, naomba umuulize baba maswali machache."

"Mwambie aulize," mzee alisema, "lakini asitaje majina ya vitu. Ataje namba tu. Namba haina aibu."

Hapo ndipo masjala ile ilipopata lugha yake. Nosim aliweka kidole kwenye ukurasa.

"Kubana kwa mrija ni N thelathini na tano. Lakini zipo aina. Nukta sifuri ni ya mtu aliyeumia. Ajali, kuanguka."

"Umewahi kuanguka, Baba Aikaeli?"

"Nilianguka kutoka juu ya mparachichi mwaka tisini na nne, nikavunjika mkono. Mwambie mkono hauko huko."

"Anasema mkono hauko huko."

"Nukta moja ni ya aliyepata maambukizi zamani."

"Hiyo ni ndugu yake A," mzee alisema papo hapo. "Tumbo moja. Apite."

Nosim akapita. Akafunua kurasa nyingi kwa mkupuo, akafika mwisho mwisho wa herufi N, mahali ambapo tangu aanze kazi hakuwahi kufika.

"Kuna N tisini na tisa, nukta moja."

"Hiyo ni ya nani?" Evaresta aliuliza.

"Ya mtu ambaye hospitali yenyewe ilimwingiza kitu wakati wa kumtibu, kikaacha kovu ndani."

Mzee Gadiel, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akageuza kichwa nusu, akaishia kwenye kona ya meza.

"Mwambie hiyo," alisema. "Mwambie ni hiyo. Ngiri."

"Alipasuliwa ngiri hapahapa," Evaresta alisema. "Mwaka kumi na nane, Desemba. Baada ya kupasuliwa mkojo ukakataa, wakamwekea mpira. Walisema siku tatu. Alikaa nao mpaka wajukuu wakarudi shule!"

Faili za 2018 ziko stoo, nyuma ya jiko la hospitali, na zinakaa humo pamoja na magunia ya mkaa. Nosim alitoka humo saa sita na nusu akiwa mweusi mpaka kwenye kope, na karatasi moja mkononi. *Mpira wa mkojo umewekwa, 20 Desemba. Utolewe siku ya tatu.* Chini yake, kwa mkono mwingine: *Umetolewa, 8 Januari.* Siku kumi na tisa.

Hakushangaa. Kila mtu anayeishi mkoa huu anajua Desemba ni nini. Ikifika tarehe ishirini, Mchaga anaelekea Moshi, Mpare anaelekea Same, Mwarusha anapanda kwao, na mji mzima wa Arusha unabaki na walinzi na mbwa. Kliniki ilifungwa. Mzee alikuja tarehe ishirini na tatu akakuta kufuli, akaja ishirini na saba akakuta kufuli, na mtu wa getini akamwambia rudi baada ya sikukuu. Naye, kwa kuwa ni mtu wa kutii, alirudi baada ya sikukuu, na mfuko wake wa mkojo ameuficha ndani ya koti la kanisani.

Mganga mfawidhi, Dokta Sakaya, alikuwa anakula wali ofisini. Alimkaribisha Nosim, akamsikiliza, akasoma karatasi, akafuta mdomo.

"Dada Nosim. A54 tunaiondoa, sina tatizo. Weka N35 nukta moja."

"Hiyo ni ya maambukizi, daktari."

"Ndiyo. Ameandikwa maambukizi mara tatu. Faili linasema hivyo."

"Maabara inasema hakuna."

"Maabara inaweza kukosea. Unajua N99 ni nini? Unajua inasema nini kule wilayani wanapojumlisha mwisho wa mwezi? Inasema Mringeni ilimuumiza mtu. Hospitali hii haijaandika N99 hata moja tangu ijengwe."

"Ndilo linalonitisha," Nosim alisema.

Daktari akaweka kijiko. Hakuwa mtu mbaya, na tuliseme hilo, maana watu wabaya ni rahisi kupigana nao. "Halafu nikuulize. Mimi kwenye faili nimeandika 'maumivu ya njia ya mkojo'. Mwenzangu kaandika hivyohivyo. Nani aliyeandika kisonono?"

Nosim akachukua karatasi yake akatoka.

Wazee walikuwa wamehamia kwenye benchi la nje, wanakula mahindi ya kuchoma. Mzee alimwona anakuja, akageukia ua.

"Muulize kasemaje," alisema.

"Amekataa," Nosim alisema. Kisha akabaki amesimama. Saa ilikuwa nane kasoro. Angeweza kuishia hapo, na dunia ingemlaumu daktari. "Na kuna jambo lingine, mama. Mwambie baba ile A, zote tatu, niliandika mimi. Kwa mkono wangu. Daktari hakuandika kisonono. Nilitazama ukutani, sikutazama faili."

Evaresta hakurudia. Hakukuwa na haja. Mzee alitafuna punje alizokuwa nazo mdomoni, akazimeza, akautazama ua wa hospitali kana kwamba anauhesabu majani.

"Muulize," alisema, "kalamu ile bado anayo?"

"Anayo," Evaresta alisema bila kuuliza.

"Basi aandike tena."

Nosim alikaa kwenye ncha ya benchi. Evaresta alimpa nusu ya hindi lake. Ndipo mama yule, akiwa anachokonoa meno, akasema jambo ambalo wasomi wote wa jengo lile walikuwa wamelikalia miaka sita.

"Mimi kuna kitu sielewi, mkwe. Miaka arobaini na nne nalala na huyu mzee kitanda kimoja. Mmemwandika ugonjwa wa zinaa mara tatu. Mimi mbona hamkuniita? Hata mara moja? Mwaka ule wa magari meupe walituhubiria mpaka kanisani: mume akikutwa nao, mke aletwe atibiwe. Sasa ama mliniacha nife, ama nanyi wenyewe mlijua hana."

Nosim aliacha kutafuna.

"Mama," alisema, "hayo maneno unaweza kuyasema tena?"

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Kwa sauti. Mle ndani."

Waliingia wote watatu. Mzee Gadiel alichukua kiti, akakitazamisha kabati la dawa. Evaresta hakukaa. Alimsimamia Dokta Sakaya pale mezani akayasema, tena aliongeza mengine, kuhusu kufuli la tarehe ishirini na tatu na kufuli la tarehe ishirini na saba, na koti la kanisani. Daktari alifikiri atajibu. Alifungua faili kutafuta mahali ambapo mke ameitwa, kwa sababu utaratibu upo na yeye mwenyewe huufundisha kila mwaka. Alifunua mbele, akafunua nyuma. Hakukuwa na mke.

"Hatukumwita," alisema polepole, zaidi kujiambia mwenyewe.

"Hamkuniita."

"Hakuna daktari aliyeamini kwamba ni kisonono. Tuliacha tu namba ijiandike."

"Baba Aikaeli anasema..." Evaresta alianza, akamgeukia mumewe. "Unasemaje?"

"Sijasema kitu," mzee alisema. "Lakini kwa kuwa umeuliza, mwambie simdai kitu. Sitaki kesi. Nataka kesho nikilala pale, karatasi inayolala na mimi iwe ya kweli."

Dokta Sakaya alivuta ile karatasi ya stoo akaisoma upya, safari hii bila kuangalia tarehe. Aliangalia mwandiko. *Utolewe siku ya tatu.*

"Huu ni mkono wangu," alisema. "Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Niliandika 'siku ya tatu', nikafunga begi, nikaenda Longido kwa baba. Sikumwambia mtu." Akamgeukia mzee. "Shikamoo mzee. Sijakusalimia tangu umeingia."

"Marahaba," mzee aliliambia kabati, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Baba alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima. Tulichinja."

"Haya. Angalau kuna mtu alikula Krismasi."

Evaresta ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka vibaya, kwa kukoroma, mpaka akashika meza. Daktari alicheka kwa aibu. Hata mabega ya mzee yalionekana yakitikisika kwa nyuma.

Kumbukumbu ya hospitali haifutwi. Mstari mmoja unapigwa juu ya kosa, lisomeke bado, na anayesahihisha anaweka jina lake na tarehe. Dokta Sakaya aliandika utambuzi kwa maneno yake mwenyewe, maneno marefu yasiyokwepa kitu: mrija wa mkojo umebana kwa kovu, kovu limetokana na mpira uliokaa siku kumi na tisa, mpira uliwekwa hapa. Akasaini. Nosim akapiga mstari juu ya A yake ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha, kwa mkono uleule, akaandika N99.1 kwenye kisanduku kidogo cha fomu mpya, akaiweka juu ya rundo la bingwa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini.

"Mwambie aisome," mzee alisema.

"N tisini na tisa, nukta moja."

"Tena."

Aliisoma tena. Mzee aliikariri chini chini njia nzima mpaka getini, kama mtu anayekariri namba ya nyumba yake.

Dokta Jasdeep alifika asubuhi na mvua. Ni mtu mnene wa kilemba cha bluu, mzaliwa wa Arusha ambaye babu yake alikuwa na gereji mjini kabla ya Uhuru, na Kiswahili chake ni cha gereji. Alisoma fomu ya Gadiel mara mbili, akainua nyusi.

"Nani kaandika N99 humu?" aliuliza. "Miaka minane napanda mlima huu, kila mrija unaobana wananiandikia kisonono. Nikafikiri basi, wazee wa Meru ni moto! Nikadhani ni hewa ya huku."

"Ni sisi," Dokta Sakaya alisema. Nosim alisikia hilo "sisi" kutoka mlangoni, akalipokea.

"Vizuri. Sasa najua kovu liko wapi na limekaaje. Nisingejua ningehangaika humo ndani kama natafuta nati iliyoanguka kwenye injini." Akamgeukia mgonjwa. "Shikamoo mzee. Dakika arobaini tu. Jumapili ya tatu kutoka leo nakuruhusu nyama choma kule mjini, Kwa Mrombo."

"Mwambie mimi ni mtu wa Akheri," mzee alisema, kwa mazoea. "Siendi Kwa Mrombo kula nyama, nyumbani kuna mbuzi."

"Mzee, mimi si mkwe wako. Niambie mwenyewe."

Zilikuwa dakika hamsini na tano. Manesi wa kwaya walikuwepo wote wawili, walisoma fomu kama wanavyosoma kila fomu, na mmoja alimfunika mzee miguu kwa kuwa ilikuwa baridi.

Wiki tatu baadaye Evaresta alipita masjala peke yake, na mkungu wa ndizi za mshale, akauangusha kwenye meza ya Nosim juu ya kazi ya watu.

"Baba Aikaeli anasema nini?" Nosim aliuliza.

"Hasemi. Mtu mzima anatoka nje asubuhi, anasimama kwenye mbuni wa kahawa, na kuku wanayakimbia maji. Anasema nini zaidi ya hapo?" Alijipangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. "Lakini ana neno na wewe. Jumapili baada ya ibada, usikose."

Jumapili baada ya ibada ni mnada. Watu wa usharika huleta mazao yao kwa Bwana, na wenzao huyanunua pale uwanjani kwa kelele nyingi. Nosim alisimama nyuma, karibu na akina mama. Mnadishaji alikuwa ameuza maharage na alikuwa anamtafutia jogoo mnunuzi, ndipo Mzee Gadiel, mzee wa kanisa, alipoomba dakika mbili.

"Wanaume wenzangu," alisema, na wanaume wakanyamaza kwa sababu mtu yule si msemaji. "Wapo kati yetu waliowahi kwenda Mringeni na shida ya maji. Mnanielewa. Mkapewa dawa, mkarudi nayo, mkaenda tena. Pengine mmeacha kwenda. Mnajikamua gizani na mnadhani ni uzee. Mimi nilikuwa nimeandikwa namba isiyo yangu. Nimeandikwa upya. Ugonjwa ulioandikwa vizuri unapona, na nimesimama hapa. Sasa nasema: kama faili lako lina herufi A, na wewe na Mungu wako hamjui hiyo A imetoka wapi, nenda ukaulize. Usiniulize mimi. Kuna mkwe wangu, anaitwa Nosim, yule pale nyuma."

Akamtazama. Uwanja mzima uliona, mkwe na baba mkwe, macho kwa macho, na mbingu haikuanguka. Kisha akamwachia mnadishaji uwanja na jogoo wake.

Jumatatu Nosim alifika kazini saa moja. Tayari alikuwa ameibandua manila, na gundi ilikuwa imeacha alama nne ukutani. Dokta Sakaya alikuwa ameuliza waweke nini mahali pake, naye alimjibu hakuna, watu wafungue mafaili. Kulikuwa na mafaili mia mbili na kumi na nne ya wanaume yenye A54 tangu 2012. Wengine walikuwa nayo kweli, na hao nao wana haki ya dawa bila kuhubiriwa. Alikuwa amefika la thelathini na moja. Kazi ya mwaka mzima, na alijisikia kama mtu aliyeamka kwenye nyumba yake mwenyewe akakuta madirisha yote yamefunguliwa.

Alipofungua mlango wa nje alikuta benchi limejaa. Wanaume kumi na mmoja, wengi wa Akheri, wawili walioteremka kutoka Nkoaranga kwa miguu, viatu vina tope mpaka juu, na pembeni ya kila mwanamume mke wake na kikapu.

"Shikamooni," Nosim alisema. "Nani wa kwanza?"

Wanaume kumi na mmoja wakatazama viatu vyao. Wake zao wakasimama wote kwa pamoja.